Upanga wa Mtu Anayebebwa

"Limekukosa!" Msimulizi alitangaza kutoka nyuma ya kijiukuta chake cha karatasi ngumu. "Zimwi limeshusha rungu, likapiga mwamba. Wewe mzima kabisa, mpenzi."

"Limemkosa tena?" fundi umeme aliuliza. "Hili zimwi linashikwa na makengeza kila likimfikia dada yangu?"

Mfamasia alicheka, akachota karanga kwenye bakuli.

"Usicheke, wifi," msusi alimwambia. "Wewe una upanga wa moto, ngao inayorudisha mapigo na pete ya kutoonekana. Mimi nina kisu na koti la ngozi. Sote tuko ngazi ya nne. Sasa mimi niko humu pangoni nafanya nini, nakubebea mkoba?"

"Ni bahati ya hazina tu, wifi yangu."

"Bahati gani? Hiyo bahati ni kaka yangu, na amekaa hapo mbele yako."

Hivyo ndivyo alasiri za Jumapili zilivyopita katika sebule ile. Watu wanne walizunguka meza moja. Mmoja alisimulia dunia ya mapango na majoka, na kila mmoja wa wale wengine aliongoza mhusika wake ndani ya dunia hiyo. Jambo lenye mashaka liliamuliwa na dadu ya pande ishirini: namba kubwa, pigo limepata, namba ndogo, limekosa. Dadu za maadui zilirushwa nyuma ya kijiukuta, ili siri za pango zisifichuke mapema. Wachezaji hawakuziona. Walimwamini msimulizi wao.

Nje ya mchezo, Msimulizi alikuwa mchoraji wa ramani za nyumba. Mfamasia alikuwa mchumba wake, na ukumbi wa harusi ulikuwa umeshakodiwa. Fundi umeme alikuwa kaka yake Mfamasia. Msusi alikuwa mdogo wake Msimulizi, na ulimi wake ulikuwa mkali kuliko mkasi wake.

"Nipe na mimi karanga, kabla zimwi halijazimaliza," msusi alisema. Akanyoosha mkono kulifikia bakuli, na kiwiko chake kikakigonga kijiukuta. Kikaanguka.

Dadu ilikuwa imetulia palepale iliposimama. Wote wakaiona.

"Kumi na tisa," fundi umeme alisoma polepole, kama asomaye mita ya umeme ya mteja mbishi. "Shemeji, siku hizi kumi na tisa ni kukosa?"

"Hiyo... hiyo ni ya mara iliyopita."

"Mara iliyopita ulisema tatu."

Msimulizi alikisimamisha kijiukuta. Kikaanguka tena, naye akakiacha.

"Sawa," alisema. "Niseme tu. Upanga ule nilimpa siku yake ya kuzaliwa. Nilimpa mapema mno. Haukuwa upanga wa ngazi ya nne, ulikuwa wa ngazi ya kumi. Akawa anawafyeka maadui kama nyasi, mchezo ukapoteza ladha. Nikalazimika kuleta maadui wakubwa zaidi. Lakini hao wakubwa, wakimpata hata mara mbili, wanamuua. Kwa hiyo..."

"Kwa hiyo ukawa unadanganya," msusi alimalizia.

"Kwake tu."

"Na kwetu?"

Msimulizi aliinamia dadu zake.

"Ngoja, nimeelewa," fundi umeme alisema, akaegemea meza kwa mikono miwili. "Mganga wangu aliuawa na jitu Jumapili iliyopita. Mwaka mzima nimemlea yule mganga! Kumbe jitu lililetwa kwa kipimo cha upanga wa dada, likamkuta mzee wa watu na fimbo yake. Na kwangu dadu ikasomwa ilivyo!"

"Pole, shemeji."

"Pole kampe mganga."

Msusi aliangua kicheko, kisha akamtazama wifi yake, kicheko kikakatika. Mfamasia alikuwa ameisukuma mbali karatasi ya mhusika wake, kama mtu anayesukuma sahani aliyoona nzi ndani yake.

"Lile joka la mtoni," alisema kwa sauti ya chini. "Lile nililoliua kwa pigo moja."

"Mpenzi..."

"Nilipanda juu ya kiti nikashangilia. Nilimpigia mama yangu simu nikamsimulia, naye hajui hata mchezo wenyewe. Lilikufa kweli?"

"Lilikuwa limebakiza uhai mwingi," Msimulizi alikiri. "Niliukata. Nilitaka ufurahi."

"Ulitaka nifurahi, au ulitaka unitazame nikifurahi?"

Mfamasia alihisi kinyaa cha mtu aliyeambiwa, baada ya kumeza, kwamba tonge lile lilikuwa limeshatafunwa na mwingine. Akachukua mkoba wake, akatoka.

Ujumbe wa kwanza ulimkuta kituo cha basi: "Mpenzi, ni mchezo tu. Usiniadhibu kwa ajili ya zimwi la kubuni."

Wa pili ulifika akiwa ndani ya basi: "Nilifanya kwa upendo. Nani mwingine angekupenda hivi?"

Alipousoma huo wa pili alitamani kunawa mikono. Alipofika nyumbani alinawa, kisha akapiga simu.

"Nashukuru umepiga," Msimulizi alisema haraka. "Nilijua utanielewa."

"Sijakuelewa. Nina swali moja. Ni wapi pengine umenisomea namba ya uongo?"

"Una maana gani?"

"Unajua maana yangu. Nje ya meza. Wapi?"

Kwenye simu kiti kilisikika kikivutwa.

"Nasubiri."

"Mara moja tu," alisema hatimaye. "Nilikwenda kumwona bosi wako. Ulipoomba kuhamia kitengo cha dharura. Nilimwambia una moyo mwepesi, na kule watu wanakufa mbele ya macho yako. Nikamwomba akuache dirisha la wagonjwa wa nje."

"Nilikulilia wewe," Mfamasia alisema. "Siku ile niliponyimwa, nilikuja kulia kifuani kwako."

"Na mimi nilikubembeleza."

"Ndiyo. Ulinibembeleza."

Akakata simu.

Asubuhi alisimama mbele ya meza ya bosi wake, mfamasia mkuu wa hospitali, mama wa makamo aliyekuwa akikagua maboksi ya dawa yaliyoingia, akigeuza kila boksi kutafuta tarehe ya mwisho.

"Mama, shikamoo."

"Marahaba, binti. Mbona macho mekundu?"

"Mama, kuna mtu alikuja kukuomba usinipeleke dharura?"

Mama yule aliliweka boksi chini.

"Mchumba wako alikuja. Akakaa kwenye hicho kiti. Alizungumza vizuri sana, nikadhani mmekubaliana."

"Hatukukubaliana. Kama asingekuja, ungenipeleka?"

"Binti yangu, nitakudanganya nikisema najua. Mlikuwa watatu mlioomba. Labda ungepata, labda usingepata. Alipokuja, niliacha kupima."

Mfamasia aliinamisha kichwa. Afadhali angeambiwa hakustahili. Sasa hata kushindwa kwake hakukuwa kwake.

"Naomba nipimwe sasa, Mama. Bila huruma."

"Dharura hakuna huruma hata ungeitaka. Anza kesho. Nitakutazama wiki nzima, na ukiniharibia nitakurudisha dirishani mbele ya wenzako wote."

"Asante, Mama."

"Utanishukuru? Ngoja kwanza uone."

Aliona. Siku ya kwanza simu za ndani zililia pamoja, wauguzi wakasimama mlangoni wakipiga viganja, na daktari mmoja akamfokea mbele ya watu: "Dada, nimesema dozi ya mtoto! Unataka kuniulia mgonjwa?" Alikuwa amevuta dozi ya mtu mzima. Kosa lilikuwa lake. Akarekebisha, akakabidhi. Kisha akaingia chooni, akajitazama kwenye kioo, akarudi kazini. Kufikia Ijumaa dozi zilikuwa zinatoka bila kosa, na daktari yuleyule alimpita akisema tu, "Asante, dada," bila kugeuka. Neno lile la haraka, lisilo na pambo, lilimwingia kuliko shangwe zote za joka la mtoni.

Jumamosi msusi alimpigia.

"Wifi, kaka yangu hali chakula. Anazunguka nyumba kama kuku aliyepotelewa na vifaranga. Anaomba nafasi moja."

"Nafasi ya nini?"

"Anasema amebadilika. Mimi simtetei. Mimi mwenyewe nataka kumnyoa bila maji. Lakini ukumbi umekodiwa, mama ameshaalika dunia nzima, na wewe hujasema ndiyo wala hapana."

Mfamasia alifikiri. Alikuwa bado anampenda, na hilo ndilo lililomkera zaidi.

"Mwambie kesho tucheze. Nitarudisha upanga, ngao na pete. Kila mtu hazina ya ngazi yake. Maadui wa ngazi yetu. Kijiukuta hakuna, dadu zote mbele ya macho. Kama anaweza kuniacha nianguke pale panapotakiwa nianguke, tutaongea habari za harusi."

"Hilo tu?"

"Kwa kaka yako si dogo."

Jumapili walikaa. Msimulizi alikuwa amenyoa ndevu na kuvaa shati lililopigwa pasi. Alizisoma hazina mpya kwa sauti: upanga wa kawaida kwa Mfamasia, upinde mzuri kwa msusi, na kwa fundi umeme mganga mpya mwenye kitabu cha dawa.

"Huyu naye nimlee au nisubiri kwanza?" fundi umeme aliuliza.

"Mlee, shemeji. Safari hii ni haki."

Ikawa haki. Kwa muda mrefu mchezo ulikuwa mtamu kuliko wakati wowote. Upinde wa msusi ulimwangusha adui mkubwa, naye akaruka akipiga vigelegele. Mganga alifunga majeraha ya wenzake. Mfamasia alikosa mara nyingi, akajeruhiwa, akacheka kicheko cha kweli. Msimulizi alimtazama akicheka, uso wake ukalainika, na Mfamasia akamwona tena yule mwanamume aliyekuwa akimpenda.

Kisha mbwa mwitu wa pangoni wakamzingira kwenye daraja. Alikuwa amebakiza uhai kidogo.

"Dada, rudi nyuma," fundi umeme alisema. "Mganga wangu yuko mbali."

"Nikirudi watampata wifi. Nabaki."

Msimulizi aliichukua dadu. Akaizungusha kiganjani muda mrefu.

"Rusha," Mfamasia alisema.

Akarusha. Dadu ilibingirika katikati ya meza, ikapunguza mwendo, ikatulia. Hapohapo kiganja cha Msimulizi kikatua juu yake.

"Imegonga bakuli!" alisema. "Haihesabiki. Narusha tena."

"Bakuli liko huku kwangu," msusi alisema taratibu.

"Nimeona imegonga."

"Shemeji, ilisimama katikati ya meza," fundi umeme alisema. "Toa mkono."

Hakuutoa. Jasho lilikuwa limemtoka juu ya mdomo. Mfamasia alikitazama kiganja kile, kile kilichomfuta machozi siku aliyonyimwa kitengo, na kinyaa kikarudi kizimakizima. Alikishika kwa vidole viwili, akakiinua, akakiweka pembeni.

Ishirini.

"Nimekufa," alisema.

"Siwezi kukuona ukianguka," Msimulizi alinong'ona. "Nimejaribu. Wallahi nimejaribu."

"Najua umejaribu. Nimeona."

"Basi nisikilize. Chini ya daraja kuna chupa ya dawa ya kufufua. Nilikuwa nimeipanga tangu mwanzo, mganga ataikuta, na wewe..."

Mfamasia alicheka, kicheko kikavu kisicho na furaha.

"Bado unanifufua! Nimekufa mbele ya watu wote, na bado hutaki kuniachia hata kifo changu. Siolewi nawe."

"Lakini ukumbi... wageni..."

"Wageni nitawapigia mimi, kaka," msusi alisema. Macho yake yalikuwa na machozi, lakini sauti ilikuwa imara. "Wewe nyamaza. Leo nyamaza tu."

Mfamasia alisimama, akavaa viatu mlangoni. Fundi umeme naye akasimama, akipapasa mifuko kutafuta ufunguo wa pikipiki.

"Ngoja nikupeleke, dada. Umepigwa na mengi leo."

"Kaa, kaka. Maliza mchezo wako."

"Una hakika?"

"Sina," alisema, akafungua mlango. "Lakini nataka kwenda mwenyewe. Nitajua nikifika."