Tairi Nilizomnunulia Mume Wangu

"Huyu ndiye aliyemuua mwanangu. Kwa tairi za bei rahisi."

Mama mkwe aliyasema hayo sebuleni kwangu, mbele ya waombolezaji wote, siku iliyofuata baada ya kumzika mume wangu. Hakupaza sauti. Alininyooshea kidole, mkono wa pili umeshika kikombe cha chai.

Watu wote wakanigeukia.

Na mimi nikabaki nimekaa palepale, nawatazama. Mnisamehe kama mlitarajia niangue kilio. Sikuwa nahisi kitu. Mdomo ulikuwa mzito, kama mtu aliyetoka kung'olewa jino na ganzi haijaisha.

Halafu, tairi kweli nilinunua mimi.

Ngoja niwapeleke dukani kwanza.

Mume wangu alikuwa mhasibu wa kampuni ya mbao. Mimi ni fundi cherehani, nashona sare za shule. Nilipomaliza oda moja nono nikamwambia, "Tairi zako zimekuwa kipara. Twende nikununulie mpya."

Muuza tairi alikuwa mtu wa maneno mengi. Akatutolea aina mbili, zote za bei nafuu, bei ileile.

"Hizi laini ni za mjini," akasema. "Hazina kelele, na mvua ikinyesha zinashika. Hizi ngumu zitawatikisa kidogo, ila ndizo za safari, spidi na mzigo. Bosi, wewe unaendeshaje?"

Mume wangu akanitazama mimi kwanza. Ndipo akamjibu.

"Mjini tu. Nyumbani, kazini. Taratibu."

"Gari unajaza?"

"Niko peke yangu."

"Basi zako ni laini."

Nikalipa. Njiani akawa ananisifia, eti gari limetulia utadhani linateleza juu ya zulia. Nikajiona mke aliyekamilika.

Wiki chache baadaye simu ikaita. Askari wa barabarani.

Ajali ilikuwa barabara kuu, mbali kabisa na mji, mchana wa jua kali, saa za kazi. Tairi ya nyuma ilipasuka, gari likabingiria.

"Tairi ilikuwa mbovu?" niliuliza. Sijui kwa nini nilianza na hilo.

"Hapana, mama. Mpya kabisa. Ilizidiwa na joto, spidi na uzito. Gari lilikuwa limejaa watu."

"Watu gani?"

"Wote wamenusurika, isipokuwa dereva. Yule mwanamke aliyekaa mbele ameumia mkono."

Mwanamke aliyekaa mbele...

Hilo neno lilisambaa kabla hata sijafika hospitali. Msibani nilipita jikoni nikakuta minong'ono inakatika ghafla. Kumbe alikuwa na mtu wake. Kumbe ofisi ilikuwa kisingizio. Nikachota maji yangu ya kunywa, nikarudi kukaa.

Sasa turudi sebuleni. Kidole cha mama mkwe bado kiko juu, mlango ukafunguliwa, akaingia mwanamke mmoja. Mkono wake umefungwa kitambaa, umening'inia shingoni.

Hakuna aliyemkaribisha. Akaja mwenyewe, akakaa pembeni yangu.

"Pole, dada. Mimi ndiye niliyekaa mbele."

Nikamuuliza kwa sauti ya kawaida kabisa, kama namuuliza mteja kipimo cha kiuno.

"Ulikuwa na mume wangu tangu lini?"

"Tangu stendi."

"Sijakuelewa."

"Nilipanda stendi, dada. Mimi na wenzangu watatu. Mumeo alikuwa anabeba abiria, kwenda mji wa pili na kurudi. Mimi ni mchuuzi, nasafiri naye mara nyingi. Pale stendi tunamwita Meneja, kwa sababu ya mashati yake."

Mashati niliyokuwa namnyooshea mimi kila asubuhi.

Akanieleza yote. Kampuni ya mbao ilishafungwa zamani. Mume wangu alikuwa anaondoka nyumbani kama anakwenda ofisini, anajaza gari stendi, halafu analikimbiza kwenye barabara ile kama anafukuzwa.

"Tulikuwa tunamwambia apunguze mwendo," akasema. "Anatujibu kwamba lazima awe nyumbani saa ambayo watu wa ofisi hutoka. Ila tairi ilipopasuka alipambana na ule usukani mpaka mwisho. Sisi tuko hai kwa sababu yake."

"Mwongo wewe," mama mkwe akamkatiza. "Mwanangu alikuwa na ofisi."

Mchuuzi akamgeukia.

"Mama, hiyo sauti naijua."

"Unijulie wapi mimi?"

"Kwenye simu. Alikuwa anaiweka spika akiendesha. Siku moja alikwambia amechoka, anataka kumweleza mke wake ukweli. Ukamwambia asithubutu, mke akishajua hana kazi atamdharau."

Mama mkwe akataka kuweka kikombe mezani, akakosea. Chai ikamwagika yote.

Nikaenda kuchukua tambara. Nikapiga magoti, nikaanza kufuta. Nikamuuliza nikiwa palepale chini.

"Mama, ulijua?"

Akainua miguu nipitishe tambara.

"Ulijua?"

"Nilijua." Akakiokota kikombe. "Ya tairi sikuyajua. Ya kazi nilijua."

"Na kidole ulininyooshea cha nini?"

"Kisingekuwa kwako, mwanangu, kingekuwa kwangu."

Sikumfokea. Nililikamua tambara, nikaendelea kufuta. Watu wakaanza kuaga mmoja mmoja, wengine hawakuaga kabisa.

Ndugu zangu mnaosoma, najua mnangoja niwaambie tairi za bei nafuu zinaua. Siwezi kusema hivyo. Wengi wetu ndizo tunazoziweza, na zinatufikisha. Lakini ukiulizwa unaendeshaje, sema kweli. Kama unakimbiza, sema. Kama unajaza, sema. Tairi inakwenda barabara unayoipita, haijui ulichomwambia mkeo.

Na kama aliyesimama pembeni yako ndiye anayekufanya udanganye, mgeukie yeye kwanza, hapohapo dukani. Mimi ningekasirika, sikatai. Labda ningenuna njia nzima. Lakini kumdharau? Ningemdharauje mtu anayeamka kila siku kwenda kutafuta?

Mama mkwe hajarudi kwake. Sijamfukuza, na yeye hajaniaga. Asubuhi anaamka kabla yangu, anafagia uwanja, anajificha nyuma ya nyumba kulia, anadhani simsikii.

Mimi bado. Nashona sare, nakula nikiwekewa, nalala. Machozi hayajafika.