Mbege ya Godlove

Probox nyeupe ilikata kona ya Majengo bila kupunguza mwendo.

Hilda aliifuata kwa pikipiki ya Boxer, helmeti kichwani, bastola ya Glock 19 chini ya koti. Sauti ya mkuu wake wa Idara ya usalama ilinong'ona sikioni, ikimwita kwa jina lake la kazi.

"Theluji, unamwona?"

"Namwona."

"Usimkamate njiani. Tunataka mzigo ukiwa mkononi mwake."

"Na wazee wakiinywa sumu yake?"

"Wasinywe."

Probox ilipita Sanya Juu, ikaanza kupanda kati ya migomba. Dereva alikuwa Godlove, mtoto wa huko huko mlimani, aliyesoma ughaibuni akarudi na cheo cha daktari. Kampuni ya kigeni iliyomlipa ilikuwa na dawa ya kutibu ugonjwa wa kusahau. Ilikosa wagonjwa wa kuijaribia, wanaougua haraka na wasiolalamika.

Godlove aliahidi kuwatengeneza. Alichagua ukoo wake mwenyewe.

Hilda alikuwa ameelezwa sumu hiyo taratibu, mara mbili. Mwili huchoma chakula kwa oksijeni, na moto huo hutoa cheche. Mwili wenye afya huzizima. Ubongo una mafuta mengi na hutumia oksijeni nyingi, kwa hiyo cheche zikiachwa, huo ndio huharibika kama bati lililoshika kutu. Wataalamu bado wanabishana kama cheche ndizo chanzo cha ugonjwa wa kusahau au ni dalili yake tu.

Godlove hakungoja wamalize. Sumu yake iliwaua wazimaji wa cheche.

Alianza na Mektrida, mke wa baba yake mkubwa. Alimpa ndani ya maziwa, akiiita vitamini. Sasa Mektrida alimwita mumewe "yule mgeni". Mume huyo, Mzee Elimringi, ndiye aliyemlisha na kumwogesha.

Leo ilikuwa zamu ya Elimringi.

Hilda aliacha pikipiki nje ya ua. Mjukuu wa mzee alikuwa amepata kipaimara asubuhi, na kwenye sherehe ya namna hiyo hakuna anayeulizwa amealikwa na nani. Alisema shikamoo kwa wazee, akaketi nyuma ya Elimringi.

Godlove aliteremsha pipa la mbege, pombe ya ndizi. Alijua wazee hawa hukataa vidonge. Mbege hawaikatai.

Alichota kwa kata, akaishika kwa mikono miwili. Desturi ilimtaka aliyeileta aonje kwanza, mbele ya watu. Akainua. Midomo ikalowa. Akafuta kwa leso, akamnyooshea Elimringi.

Mzee akapokea.

"Hajameza," alisema Hilda.

Mazungumzo yalikatika. Godlove alimtazama toka viatu hadi nywele, akauliza huyu malaya wa mjini kaletwa na nani.

Elimringi alikuwa ameanza kuipeleka kata kinywani. Aliishusha polepole, akairudisha kwa aliyeileta.

"Kunywa, mwanangu."

"Nina vidonda vya tumbo, baba mkubwa."

"Vimekupata lini? Jumapili ulikunywa kwangu mpaka ukaimba."

Mzee mmoja alicheka. Wengine hawakucheka. Walikuwa wamesimama, na njia ya kurudi kwenye gari ilikuwa imejaa watu.

Godlove aliitupa kata chini.

"Mtu wa miaka themanini," alisema kwa chuki, "ana nini cha maana cha kukumbuka?"

Elimringi ndiye aliyejibu.

"Mke wangu. Yeye hanikumbuki tena. Nikimsahau na mimi, atakuwa mke wa nani?"

Mkono wa Godlove uliingia ndani ya koti. Hilda aliudaka ukitoka na bastola, akauzungusha mpaka kifundo kikalia. Bastola ikaanguka kwenye tope la mbege. Mdomo wa Glock ukamgusa shingoni.

"Piga magoti."

Alipiga. Pingu zikafungwa.

"Theluji hapa. Mzigo upo, mtu yupo, hakuna aliyekunywa."

"Vizuri. Mnunuzi wake, yule wa kampuni, tumemtoa kwenye foleni ya uwanja wa ndege. Analia."

"Mwacheni alie."

Landkruza ya Idara ilipandisha, ikamchukua Godlove pamoja na pipa lake. Hakuna aliyemuaga.

Mektrida alikuwa ametoka mlangoni. Alimtazama mumewe, akamuuliza yeye ni nani.

"Elimringi," alijibu mzee, akamshika mkono. "Njoo ukae. Nitakueleza."

Alipogeuka amshukuru yule mgeni, Boxer ilikuwa tayari inateremka kati ya migomba, bila haraka.