Neno Hasi

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Kabula aliwasha moto, akakoroga uji na kumpelekea mama yake kitandani. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake tangu mama yake, Milembe, aanze kutibiwa saratani ya titi huko Mwanza. Zamani mama huyo alichuma pamba kuwashinda wanawake wote wa pale Nkololo. Siku hizi hata kukaa kitako kulimtoa jasho.

"Mwangaluka, mayu," Kabula alimwamkia Ijumaa hiyo.

"Mwangaluka, mwanangu. Weka hapo, nitakunywa."

Wote wawili walijua kwamba hatakunywa.

Mara ujumbe ukaingia kwenye simu. Wiki mbili nyuma, hospitali walikuwa wamemtoa damu mara ya pili kwa kipimo kipya, kipimo cha kuangalia kama dawa zinaishinda saratani. Tangu siku hiyo nyumba nzima ilikuwa roho juu. Milembe hakusoma sana, hivyo kila kilichoandikwa kilipitia kwa Kabula, bingwa wa Kiswahili wa darasa la saba. Na bingwa huyo, tusifichane, alipenda sana kuitwa bingwa.

"Majibu ya kipimo cha damu: HASI. Fika Jumatatu kuendelea na dozi."

Kabula akasoma mara mbili. Hasi! Si juzi tu mwalimu aliandika ubaoni athari chanya za simu upande huu, na athari hasi upande ule? Chanya ni nzuri, hasi ni mbaya.

"Inasemaje?" mama akauliza.

Kwa kweli mambo ya hospitali Kabula hakuyajua, lakini ulimi wake haukuzoea kusema sijui.

"Majibu ni mabaya, mayu."

"Una hakika?"

"Nina hakika. Wameandika hasi."

Milembe akageukia ukutani. Hakulia, na hilo lilimuumiza Kabula kuliko kilio. Jumamosi akafungua sanduku lake na kuanza kugawa vitenge: hiki cha Kabula, hiki cha mdogo wake Sayi akikua. Mumewe, Masunga, alimsihi mpaka sauti ikamkauka.

"Jumatatu siendi," Milembe alisema. "Kutapika kote kule, nywele zote zile, kumbe bure! Niacheni nife kwangu."

Ole wake Kabula! Jumapili alasiri alichukua simu, akajificha nyuma ya zizi na kumpigia nesi Winnie, aliyekuwa amempa mama namba yake kliniki.

"Shikamoo, dada nesi. Mimi ni mtoto wa Milembe wa Nkololo. Nakuomba sana, hakuna dawa nyingine? Hata moja tu? Hizi zimeshindwa, na mama amekataa kuja kesho. Anangoja kufa!"

"Marahaba. Hebu taratibu. Nani kasema zimeshindwa?"

"Majibu yenu. Hasi."

"Mungu wangu! Hasi ndiyo tuliyokuwa tunaiombea!"

Kabula hakuelewa.

"Sikiliza," nesi akasema. "Uvimbe wa saratani huachia vipande vidogo mno vya vinasaba vyake kwenye damu. Ni kama ng'ombe akipita shambani: mwenyewe humwoni, alama za kwato unaziona. Mara ya kwanza tuliviona vipande hivyo kwenye damu ya mama. Safari hii tumevitafuta, havikuonekana. Hiyo ndiyo hasi. Dawa inafanya kazi. Nasi tulipaswa kuandika kwa kirefu."

"Kwa hiyo amepona?"

"Sijasema amepona. Vikiwa vichache sana, kipimo kinaweza kisivione. Ndiyo maana lazima amalize dozi. Akiacha sasa, tunaweza kumpoteza. Haya, nipe mama."

Kabula alikimbia huku akilia, akamwekea mama simu sikioni. Milembe alisikiliza kwa muda mrefu, akiitikia "ehe" tu. Alipomaliza, akamrudishia Kabula simu.

"Mayu, nisamehe," Kabula alisema akipiga magoti. "Sikujua maana yake. Niliona aibu kusema sijui."

Milembe akamshika mkono. Mkono wake ulikuwa mwepesi, mifupa mitupu.

"Kamwambie baba yako atafute pikipiki ya alfajiri ya kunifikisha stendi Bariadi. Dawa itanitapisha tena, najua, lakini nitakwenda. Na wewe, ukiulizwa jambo usilolijua, sema hujui, halafu mtafute anayejua umuulize. Siku tatu hizi nimejizika mwenyewe, Kabula. Hakuna aliyekufa kwa kusema sijui. Mimi nusura nife kwa sababu wewe hukusema."