Mawe ya Mpaka wa Wickleigh

Haya yalimpata jirani yangu Hester Pobjoy, na Hester si mtu wa kuzua. Kila Siku ya Kupaa kwa Yesu, watu wa parokia yetu ya Wickleigh huzunguka mpaka wakichapa mawe yake kwa fimbo mbichi, ili usisahaulike. Mwaka huo Crale, aliyenunua shamba la mtoni, aliziba njia kwa waya. Kasisi akanywea, na wengine wakabaki majumbani.

"Bibi wee, leo unazunguka na nani?" Crale alimcheka.

"Na miguu yangu. Wewe baki na waya wako."

Akapita chini ya waya, akaingia msituni, ambako ukungu ulifanya asubuhi iwe giza. Alichapa jiwe la kwanza, akaendelea. Nyuma yake jiwe lile likachapwa tena, kisha tena, kwa fimbo nyingi, kama mvua inayoanza kwenye mabati. La pili likawa vivyo hivyo. Hatua za miguu hakuzisikia hata moja.

Mimi ningekimbia. Hester alisema bila kugeuka, "Kama mnakuja, njooni. Msinikanyage tu."

Sauti zile zilimfuata hadi lango la kanisa, zikanyamaza. Crale alikuwa pale, amekuja kumkaripia, lakini alikuwa akitazama makaburi, mdomo wazi.

"Haya," Hester akamwambia, "wazuie na hawa."

Kila kaburi, hata yale yaliyofutika majina, lilikuwa limeegemezwa fimbo mbichi, na ncha za fimbo zote zilikuwa zimepondeka kwa kuchapa mawe.