Kikombe cha Mikono Miwili

Kila asubuhi, kabla ya kuvaa sare ya shule, Karani alichemsha chai, akammiminia mama yake kikombe, kisha akafungua daftari la bluu. Karani halikuwa jina lake. Mtafiti wa hospitali, aliyekuwa akimjaribia mama dawa mpya, ndiye aliyembandika jina hilo siku alipomkabidhi daftari, nalo likamganda kama gundi. Hata mwalimu wake wa darasa la sita alikuwa akimwita hivyo.

"Mama, umeamkaje?" aliuliza. Ndilo lililokuwa swali la kwanza la daftari.

"Salama tu, mwanangu."

Mama yake alikuwa fundi cherehani, lakini cherehani yenyewe ilikuwa imefunikwa shuka mwezi wa pili sasa. Alikuwa na lupus, ugonjwa ambao kinga ya mwili, badala ya kupigana na vijidudu, huugeukia mwili wenyewe. Ulimuuma viungo, ukamchora madoa mashavuni, ukamchosha hata kabla hajatoka kitandani. Kazi ya Karani ilikuwa kuandika maumivu ya mama kwa namba, kuanzia sifuri hadi kumi, na kueleza kama miguu imevimba. Kila Ijumaa alipiga picha ukurasa na kumtumia mtafiti kwa simu ya mama.

Asubuhi hiyo mama alikikumbatia kikombe kwa viganja vyote viwili, kama mtu aliyebeba kifaranga. Karani alijua maana yake. Siku nzuri, mama alishika kikombe kwa mkono mmoja huku akieleza habari za majirani. Siku mbaya vidole viligoma, naye alinyamaza. Leo ilikuwa saba. Pengine nane.

Karani akaandika mbili. Upande wa miguu, bila kuitazama, akaandika: haijavimba.

Uongo huo ulikuwa na wiki tatu. Ulizaliwa kwenye benchi la kliniki, siku aliposikia maneno ya Mama Kofia, mgonjwa mwenzake na mama. Jina hilo alilipata kwa kofia yake pana kama sinia, ya kujikinga na jua, maana jua huwazidishia maradhi wagonjwa wa lupus.

"Jamani, mmesikia?" alisema Mama Kofia. "Utafiti huu unaendeshwa kwa ruzuku ya serikali. Mwezi ujao linakuja jopo kukagua. Wakikuta hatuponi, wanafunga bomba!"

"Shoga, punguza sauti," mama alimwambia. "Mpaka walinzi wa getini wamekusikia."

"Nipunguze sauti ya nini? Kofia hii peke yake inapiga kelele."

Wagonjwa wakacheka. Karani hakucheka. Dawa iliyokuwa ikijaribiwa ilikuwa tumaini la mwisho la mama. Zile za zamani zote zilishamchosha. Tangu siku hiyo, kila alipoona saba aliandika mbili au tatu, na kila alipoandika tano kwa bahati mbaya, aliifuta kwa ufutio mpaka karatasi ikatoboka. "Kwani nadanganya?" alijitetea. "Si mama mwenyewe amesema salama?" Lakini moyo haukukubali. Darasani alisinzia, na nyumbani daftari lilimwelemea kuliko ndoo ya maji.

Siku ya kliniki ikafika. Mtafiti, daktari wa makamo mwenye miwani iliyofungwa uzi upande mmoja, alikuwa na macho mekundu ya uchovu.

"Shikamoo, daktari."

"Marahaba, Karani wangu. Unajua daftari lako limenifurahisha? Katika wagonjwa wote, mama yako ndiye anayeendelea vizuri zaidi." Akavuta fomu, akafungua kalamu. "Vipimo vya leo tutavipata kesho, lakini kwa kumbukumbu hizi naweza kumwongezea dozi leo leo, tuone inafika wapi."

Karani akamtazama mama. Mama akatazama sakafu. Siku hiyo, pamoja na joto lote lile, alikuwa amevaa soksi ndefu za sufu.

Kalamu ikagusa karatasi.

"Daktari, ngoja!" Sauti ilimtoka kabla hajajipanga. "Zile namba si za kweli. Nilizipunguza. Mama, vua soksi. Tafadhali, mama."

Mama hakubisha. Alivua soksi polepole. Mtafiti akapiga magoti, akabonyeza kifundo cha mguu kwa kidole gumba. Alipoondoa kidole, shimo likabaki pale pale.

"Haya ni maji yaliyojaa; figo zinalalamika," mtafiti alisema hatimaye. "Dozi hii ningeiongeza leo, ningezimaliza."

Karani akaanza kulia. "Mama Kofia alisema serikali itafunga bomba mkishindwa."

Mtafiti alikaa chini pale pale sakafuni, akavua miwani.

"Nisikilize. Nilipoomba ruzuku hii, niliandika kwenye fomu kwamba wazo langu ni jipya na huenda lisifanikiwe. Wenzangu walinicheka. Serikali ikanipa hivyo hivyo, kwa sababu kuna fungu la kujaribu yale ambayo hakuna mwenye uhakika nayo. Hawakulipia ushindi, Karani. Wamelipia kujua. Dawa ikishindwa na tukajua imeshindwa wapi, kazi imefanyika. Ila nikipeleka namba za uongo, nimekula fedha za watu, na mgonjwa mwingine ataumia kwa dawa niliyoisifia."

Akampa kalamu. "Sahihisha. Usifute. Piga mstari mmoja juu ya namba ya uongo ili bado isomeke, andika ya kweli pembeni, na tarehe ya leo. Usipokumbuka, andika sikumbuki."

Ilichukua saa nzima. Siku nyingi aliandika sikumbuki.

"Ulikumbukaje hizo nyingine?" mtafiti aliuliza.

"Kwa kikombe," Karani alijibu, akaeleza habari ya mikono miwili.

Mtafiti alimgeukia mama. "Kumbe mimi ndiye niliyeuliza vibaya! Ukimuuliza mtu ameamkaje, atajibu salama hata akiwa hoi."

Mama alilazwa siku tisa. Dawa ya majaribio ilisimamishwa, akarudishiwa zile za zamani, ingawa zilimchosha, na uvimbe ukapungua. Jopo lilipokuja, mtafiti aliliwekea mezani daftari lenye mistari na matundu yake yote. Ruzuku iliongezwa mwaka mmoja, kwa sharti kwamba maswali yaandikwe upya. La kwanza likawa: leo umeshika kikombe kwa mkono mmoja au miwili? Mama alibaki katika utafiti kwa kufuatiliwa tu, bila dawa mpya.

Jioni ya siku aliyotoka hospitalini, mama alikaa kando ya cherehani bila kuifunua.

"Mwanangu, wewe uliyaficha maumivu yangu kwa namba, mimi nikakuficha miguu kwa soksi. Kila mmoja alidhani anamsaidia mwenzake, kidogo tuzikane. Ukweli unachosha, lakini daktari hawezi kutibu asichoonyeshwa. Tusirudie."

"Hatutarudia, mama."

Kesho yake Karani alichemsha chai, akafungua daftari.

"Kikombe, mama?"

Mama alitaka kusema salama. Akavuta pumzi.

"Miwili."

Karani akaandika miwili.