Kofia ya Pikipiki Ndani ya Ukumbi

Kila siku akitoka shule, Radi alifua soksi zake, akazianika dirishani, kisha akakimbilia ukumbi wa vijana kucheza puli. Alikuwa msichana wa miaka kumi na miwili. Jina la Radi alipewa na wenzake kwa sababu ya pigo lake la kufungua mchezo.

Katika puli, mipira kumi na mitano hupangwa kwa fremu ya pembetatu juu ya meza ya kitambaa cha kijani. Fremu ikishaondolewa, anayefungua huipiga kwa mpira mweupe ili itawanyike. Radi alirudi nyuma hatua tatu, akauma ulimi, akaja mbio na fimbo yake, pa!

Tatizo ni kwamba mpira mweupe haukukaa mezani. Jumatatu ulitokea dirishani. Jumanne ulivunja chupa ya chai ya Mwalimu wa michezo, naye ndiyo kwanza alikuwa anamimina. Jumatano Mwalimu alikuja amevaa kofia ya pikipiki aliyoazima kwa shemeji yake. Pikipiki yenyewe hakuwa nayo.

"Sikia, Radi," alisema, sauti ikitoka kama ya mtu aliye ndani ya pipa. "Jumamosi tunacheza na ukumbi wa ng'ambo ya barabara. Kesho kutwa nitakupima. Fungua mara tano mfululizo, mipira itawanyike na mweupe ubaki mezani. Ukishindwa, atafungua Kobe."

Radi akanywea. Kobe alikuwa mvulana mpole, mwenye pigo la pole vilevile. Akifungua yeye, mipira ilisalimiana tu na kubaki palepale.

Jioni mama yake, fundi wa makochi, aliuliza, "Vipi puli, mwanangu?"

"Safi kabisa, mama. Wananitegemea mimi."

Mama akatabasamu na kuendelea kukata kitambaa chake.

Kesho yake Radi nusura aangushe fimbo. Mama alikuwa mlangoni mwa ukumbi, na nyundo mkononi. Kumbe ameitwa kuvika mabenchi vitambaa vipya!

"Mbona Mwalimu wenu amevaa kofia ya pikipiki? Anasafiri?"

"Anaumwa masikio," Radi akajibu haraka.

Hapo mtoto mmoja akamwona Radi ameshika fimbo, akapiga kelele, "Radi anafungua! Jificheni!" Watoto wote wakapiga mbizi chini ya mabenchi. Mmoja alijifunika mfuniko wa ndoo. Mama akabaki amesimama peke yake, misumari midogo ameibana mdomoni. Akaitoa mmoja mmoja.

"Hii ndiyo safi kabisa?"

Radi akaangua kilio, akaeleza yote: dirisha, chupa ya chai, Kobe. "Niliona haya kukwambia, mama."

"Haya. Mimi puli siijui, lakini kugonga nakujua. Ukipiga, unatazama wapi?"

"Natazama… kama watu wananitazama."

Mama alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akamwonyesha kidole gumba chenye ukucha uliopinda. "Hiki nilikipata hivyohivyo. Nilitaka fundi mkuu aone nilivyo na nguvu. Tazama msumari, mwanangu. Gonga kwa nusu ya nguvu mpaka uende wima. Nguvu utaongeza baadaye." Akainamia meza. "Na hii mipira mbona imeachana? Mimi nikilegeza kitambaa pembe moja, kochi zima linakunjamana."

Kweli, Radi alikuwa na haraka ya kupiga, mipira aliipanga ovyo. Sasa akaibana kwa vidole mpaka ikagusana yote. Akasimama imara bila kukimbia, macho kwenye kitovu cha mpira wa mbele, akapiga kwa nusu ya nguvu. Mipira ikaachana. Mweupe ukarudi kidogo, ukatulia katikati ya meza kama paka aliyeshiba.

Alirudia mpaka mama alipomaliza benchi la nne. Mara mbili tu watoto walijificha.

Ijumaa, Mwalimu alisimama na kofia yake. Moja. Mbili. Tatu. Nne. Pigo la tano lilikuwa tamu kuliko yote, mipira miwili ikazama mashimoni.

"Tano!" akasema Mwalimu, na ukumbi ukalipuka kwa makofi.

Lakini Radi alikuwa anajua. Kabla hajapiga, mkono wa sweta yake uligusa mpira mweupe, ukasogea kidogo. Hilo ni kosa. Hakuna aliyeliona, na kioo cha kofia ya Mwalimu kilikuwa kimejaa mvuke wa pumzi zake. Radi alimtazama mama, aliyekuwa akishona benchi la mwisho.

"Mwalimu, si tano. Sweta yangu iligusa mpira."

"Wewe!" akafoka Kobe, ambaye hakutaka kabisa kufungua mbele za watu. "Si ungenyamaza tu!"

"Basi mfululizo umekatika," alisema Mwalimu. "Anza upya."

Mikono ilikuwa imechoka. Radi akavua sweta, akapanga mipira tena, akaibana. Moja. Mbili. Tatu. Nne.

Kabla ya la tano, Mwalimu alivua kofia. Nywele zilikuwa zimelowa jasho. Akaiweka kwenye benchi, akajimiminia chai, akasimama mwisho wa meza, kikombe mkononi.

"Piga."

Radi akapiga. Mipira ikatawanyika huku na huku, mweupe ukasimama katikati. Hata tone la chai halikumwagika.

"Jumamosi unafungua wewe," alisema Mwalimu, na Kobe ndiye aliyeshangilia kuliko wote.

Mama alimfuta Radi jasho kwa kipande cha kitambaa. "Nguvu ulikuwa nazo tangu mwanzo, mwanangu. Ulipokuwa unaficha kosa, hakuna aliyeweza kukusaidia. Uliposema ukweli ndipo ukafundishika, na leo umeusema bila kulazimishwa na mtu. Hilo limenifurahisha kuliko mapigo yote matano." Kisha akageuka. "Na wewe, Mwalimu, pole. Masikio yamepona?"

"Masikio gani?"

Radi akajifunika uso kwa sweta. "Mama, lile nalo nilikudanganya."