Safu Moja Tu

Saa 3:10 asubuhi, Jumapili.

Vilikesa alichomeka kisu mezani, kando ya vidole vya Losena.

"Fungua orodha."

Walikuwa wanne, chumba cha nyuma cha gereji, mji wa bandari wa Lautoka. Vilikesa, kiongozi. Apakuki, mkata vyuma. Dharmend, dereva. Na Losena, karani wa yadi ya makontena, aliyetekwa njiani kwenda kanisani, bado kavaa gauni lake jeupe. Mdogo wake Sireli alikuwa wa genge hili. Wakati wa Pasaka, kwenye wizi, alinasa kwenye waya wa uzio, damu inamtoka. Vilikesa akaamuru lori liondoke, Sireli akafia pale. Usukani alikuwa ameushika Dharmend.

"Saa nne walinzi wanabaki wawili," Vilikesa alisema. "Apakuki anawafunga kamba. Tunavunja, tunapakia majongoo bahari makavu. Saa nne na dakika arobaini na tano gari la doria linapita. Atakayechelewa, shauri yake. Haya, dada, majongoo yako wapi?"

Mistari mia tatu kwenye kompyuta. Kila mstari kontena moja: namba, mahali lilipo, uzito, bidhaa.

"Ni mengi. Nayapanga kwanza."

"Usiandike hata herufi!"

"Siandiki. Napanga."

Akachagua safu ya bidhaa peke yake, akaiamuru ijipange kialfabeti. Kompyuta ikauliza kama safu nyingine nazo zihame. Losena akabonyeza hapana. Kisha akachuja. Ikabaki mistari mitatu: majongoo, majongoo, majongoo.

Vilikesa akacheka. "Kumbe kazi rahisi."

Dharmend alikuwa nyuma ya bega la Losena. Aliliona lile swali, na jibu lake. Aliuona na uzito: tani ishirini na sita. Majongoo makavu gani mazito hivyo? Bidhaa zilikuwa zimehama. Namba zimebaki.

"Unatazama nini, dereva?"

"Hakuna, bosi."

Saa 4:06.

Walinzi wamefungwa. Lori ndani ya yadi, injini inanguruma. Losena kakaa kiti cha mbele cha lori, kando ya Dharmend, mikono imefungwa kwa mkanda wa plastiki.

Kontena la kwanza. Apakuki akakata kufuli. Saruji.

"Namba ndiyo hii?"

"Ndiyo hii hii, bosi."

Saa 4:21. La pili. Matairi.

Vilikesa akamtukana Apakuki, akamtukana mama yake. Apakuki akatupa mkasi wa chuma chini. "Mama yangu muache. Tuondoke."

"Nani kasema tuondoke? Bado moja!"

Saa 4:36. La tatu. Mabati.

Vilikesa akageuka, akatazama lori. Akachomoa kisu.

"Mteremshe huyo mwanamke."

Losena hakulia. Alisema taratibu, macho mbele, "Uliona."

"Niliona," Dharmend alijibu.

"Mbona hukusema?"

Vilikesa alikuwa hatua kumi. "Dharmend! Wewe kiziwi? Fungua mlango!"

Dharmend alibonyeza kitasa. Mlango ukajifunga. Akaingiza gia.

Kisu kiligonga kioo, kioo kikapasuka. Vilikesa akaning'inia ubavuni, anatukana, mkono unaingia ndani, unamshika Dharmend shingo. Dharmend alikata usukani kuelekea kontena la saruji. Bati likakwaruza bati. Yowe moja. Mkono ukaachia.

Kwenye kioo cha pembeni Apakuki alikuwa ameshapiga magoti, mikono kichwani. Gari la doria lilikuwa linaingia getini, mapema kwa dakika tano.

Lori likalipita, likatoka barabarani.

Saa 4:52.

Dharmend alizima injini mbele ya kituo cha polisi. Akamkatia Losena ule mkanda kwa wembe. Shingo ya Dharmend ilikuwa inavuja damu juu ya kola.

"Nikishuka nitawaambia yote," Losena alisema. "Ya Pasaka pia."

"Waambie."

"Utafungwa miaka mingi."

"Najua, dada. Tangulia. Nakuja."

Losena akashuka. Alifika mlangoni, akasimama, akamngoja.